MAHALI MAZUTU YANAPOKUTANA NA HEWA
(Somo juu ya chumba cha moto katika moteri dizeli)



Kila mara gurupu inapotoa moshi mweusi saa ya masomo ya jioni, wengine wanasema: «Mazutu ni mabaya!» Mara nyingine ni kweli. Lakini sisi wa kundi la fizikia tulitafuta sababu nyingine, nayo iko ndani ya silinda. Tuanze na meli, maana huko jambo hili linaonekana vizuri.

1. MOTERI YA UMEME NDANI YA MELI

Meli Liemba ya Ziwa Tanganyika ilishushwa majini Kigoma mwaka 1915. Ilitembea kwa nguvu ya mvuke mpaka miaka ya 1970, ndipo ikapewa moteri dizeli. Meli kubwa ya namna hii inataka moteri za kazi mbili: zingine zinasukuma meli, zingine zinatoa umeme wa taa, pompi na redio. Moteri inayosukuma inaweza kwenda mbio ao polepole. Ile ya umeme haina ruhusa hiyo. Kwa kutoa umeme wa herzi 50, ikiwa jenereta ina ncha 4 za sumaku, lazima izunguke mara 1500 kwa dakika, mzigo ukiwa mkubwa ao mdogo. Gurupu ya hapa kwetu iko chini ya sheria ile ile.

2. WAKATI NI MFUPI SANA

Tuhesabu. Mara 1500 kwa dakika ni mara 25 kwa sekunde. Basi mzunguko mmoja unachukua sekunde 0,04. Mazutu yanaingia na kuwaka kwa sehemu kubwa katika digri kama 40 tu kati ya 360. Hiyo ni sekunde 0,0044!

Moteri dizeli haina bujii ya kutoa cheche kama moteri ya esanse. Pistoni inagandamiza hewa mpaka inapita digri 500 za joto. Mazutu yanaporushwa ndani yanawaka yenyewe. Lakini kila tone lazima lipate hewa yake katika wakati ule mfupi. Mama anayewasha mbabula anajua siri mbili: kupasua kuni vipande vidogo, na kupepea. Enjekteri inapasua mazutu. Umbo la chumba linapepea.

3. NAMNA MBILI ZA CHUMBA

a) Chumba kilichogawanyika. Katika mwaka 1909 Prosper L'Orange, wa kampuni Benz ya Ujerumani, alipata hati ya chumba kidogo cha mbele, pembeni ya silinda. Moto unaanza mule, halafu unatoka kwa nguvu katika tundu jembamba na kuchanganya hewa yote. Moteri inalia polepole, wala haidai enjekteri ya nguvu nyingi. Lakini kuta ni nyingi, nazo zinakula joto. Kwa hiyo inakunywa mazutu zaidi, tena asubuhi ya baridi inataka kupashwa moto kwanza.

b) Bakuli ndani ya pistoni. Hapa hakuna chumba cha pembeni. Kichwa cha pistoni kimechimbwa kama bakuli, na enjekteri yenye matundu kadhaa inarusha mazutu humo moja kwa moja. Katika moteri ndogo bakuli ni la kina, na hewa inazunguka ndani kama kimbunga. Katika moteri kubwa za meli bakuli ni pana, na enjekteri ndiyo inafanya kazi kubwa ya kutawanya. Kwa sababu moteri ya umeme ina mwendo mmoja, fundi aliyeichora alipima bakuli na enjekteri kwa mwendo ule. Ni kama chungu na kifuniko chake.

4. HAPA BUNIA JE?

Kilo 1 ya mazutu inataka kilo 14 na nusu za hewa. Ziwa Albert liko karibu mita 620 juu ya bahari. Bunia inapita mita 1200. Huku juu hewa ni nyepesi. Moteri iliyorekebishwa Kasenyi, ikipandishwa huku bila kupunguziwa mazutu, inaweza kutoa moshi mweusi ikibeba mzigo wote, hata kama chumba chake ni kizima. Hewa haitoshi.

5. FUNDISHO

Fundi akiweka pistoni yenye upana sawasawa lakini bakuli tofauti, itaingia vizuri, na moteri itawaka. Lakini mazutu yatapiga ukuta badala ya kukutana na hewa. Yatageuka masizi, yataosha mafuta ya silinda, na moteri itakufa mbele ya wakati wake. Basi tusiseme «inaingia» tu. Tulinganishe pia bakuli, na matundu ya enjekteri.

Moshi mweusi ni mazutu yaliyonunuliwa lakini hayakufanya kazi. Ni feza za wazazi waliouza maharagi na samaki ili sisi tusome. Katika Luka 14 Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayehesabu gharama mbele ya kujenga mnara. Tuhesabu na sisi.

MASWALI

1. Moteri inazunguka mara 1000 kwa dakika. Digri 40 zinachukua sekunde ngapi?
2. Litre 1 ya mazutu ina uzito wa kilo 0,84. Inataka kilo ngapi za hewa?
3. Kwa nini chumba chenye kuta nyingi kinapoteza joto?