Je, Gesi ya Jikoni Yaweza Kuendesha Motokaa?

Aliyesafiri kwa motokaa kutoka Kayanga kwenda Nkwenda huenda amewahi kukaa karibu na mtungi wa gesi ya kupikia. Je, gesi hiyo yaweza kuendesha motokaa yenyewe? Naam, yaweza. Huko Italia, Poland na Uturuki motokaa nyingi huitumia.

Lakini tusiidhanie kuwa ndiyo gesi ya motokaa za Dar es Salaam. Ile ni gesi asilia, iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974. Gesi ya jikoni ni propani na butani. Ikishindiliwa kidogo hugeuka kimiminiko. Gesi asilia, ambayo hasa ni methani, haigeuki hivyo katika joto la kawaida. Hushindiliwa hadi kanieneo la mara 200 hivi ya lile la hewa. Basi tangi la moja halifai kwa nyingine.

Tofauti ya pili ni uzito. Methani ikivuja hupaa. Gesi ya jikoni ni nzito kuliko hewa. Hutuama chini kama maji bondeni, ikingojea cheche.

Kwa hiyo mtungi wa jikoni usifungwe kamwe kwenye injini. Motokaa ya gesi hiyo ina tangi lake maalumu, lisilojazwa kupita asilimia 80, ili kimiminiko kipate nafasi ya kutanuka kwa joto.

Nawe ukisafiri na mtungi, uusimamishe wima na ufungue madirisha. Ukisikia harufu, mwambie dereva asimame na kuzima injini. Watu wote washuke, wala mtu asiwashe kiberiti.