"Steringi Hafi": Tulichobishania Baada ya Kuangalia Nairobi Half Life



Likizo hii nipo nyumbani Ibaba, huku juu Ileje, ambako ikifika saa moja jioni baridi imeshafukuza watu wote barazani. Vijana wa kigango waliniomba filamu. Mmoja akaniambia kabisa, "Frateri, ila usituletee ya watakatifu, hizo tumeziona." Basi tukatundika shuka jeupe ukutani, tukaazima spika ya dada mmoja wa kwaya, nikawawekea Nairobi Half Life.

Kwa asiyeijua: ni filamu ya Kenya ya mwaka 2012, ya kwanza ndefu kuongozwa na David Gitonga maarufu kama Tosh. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliiwasilisha kuwania Oscar ya filamu za lugha ya kigeni. Joseph Wairimu, aliyeigiza kama Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban mwaka huohuo. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza DVD, na ili wateja wanunue anawaigizia vipande vya mapigano palepale njiani. Ndoto yake ni kuwa mwigizaji. Anapanda basi kwenda Nairobi, hata hajalijua jiji anaporwa kila kitu, kisha anajikuta mahabusu bila kosa. Humo ndani anakutana na Oti, kiongozi wa genge linaloiba spea za magari. Kuanzia hapo anaishi maisha mawili: huku mazoezi ya jukwaani, huku wizi. Na katikati yupo Amina, msichana anayeuza mwili wake, ambaye ni wa Oti, na ambaye Mwas anampenda.

Nusu ya kwanza ilikuwa kazi, maana ile Sheng yao inatutoa jasho sisi wa huku. "Hicho si Kiswahili," alilalamika bodaboda mmoja, halafu dakika kumi baadaye ndiye aliyekuwa anawatafsiria wengine. Kuna mahali nilisogeza filamu mbele. Katekista wetu, mzee wa watu, aliniuliza mbele ya wote, "Mwanangu, kama kuna pa kuruka, kwa nini umeileta?"

Swali halali kabisa. Nilimjibu kwa hati ya Mtaguso, Inter Mirifica, ya tarehe 4 Desemba 1963. Namba 7 inakubali kwamba kuonyesha uovu kwenye filamu kunaweza kutusaidia kumjua binadamu kwa undani zaidi, mradi maadili yaongoze, uovu usije ukageuzwa kuwa kivutio. Mzee alitikisa kichwa. Sijui kama aliridhika, ila hakuondoka.

Filamu ilipoisha hakuna aliyetaka kwenda kulala, na ubishi wenyewe ndio nataka tuusome pamoja leo.

Wa kwanza kusema walikuwa wavulana, na wote walisema kitu kimoja: "Steringi hafi." Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunaijua sheria hiyo. Risasi zinamkwepa, adui anakufa mwisho, tunapiga makofi. Mwas naye hafi. Anamaliza akiwa jukwaani, taa zinammulika, watu wanamtazama. Kwao hiyo ilitosha: kashinda. Nikawaomba wahesabu genge lilianza na wangapi na limebaki na wangapi. Pakawa kimya kidogo. Dada mmoja anayefanya biashara ya nguo Tunduma akasema, "Kwa hiyo steringi ni yule tu ambaye kamera imeamua kumfuata. Kamera ingemfuata Oti, Oti ndiye asingekufa." Aisee, nimesoma falsafa miaka mitatu na sikuwahi kuliwaza hilo.

Ubishi wa pili ulikuwa wa njaa. Je, Mwas ametenda dhambi? Bodaboda wetu alimtetea kwa nguvu zote: kaporwa, kafungwa bure, hana pa kulala, polisi wenyewe wanakula na wezi. Angefanyaje? Hapa tusiende haraka, maana Kanisa halijibu swali hili kwa neno moja kama wengi wanavyodhani. Katekisimu namba 2408 inafundisha kwamba mtu aliye katika uhitaji wa dharura na ulio wazi, ambaye hana njia nyingine ya kupata chakula, malazi au mavazi, akichukua cha mwingine si mwizi. Mtakatifu Thomas wa Akwino aliliandika hilo karne ya 13 katika Summa: katika shida ya namna hiyo, mali ya dunia inarudi kuwa ya wote. Yaani mwenye njaa ya kufa akichukua mkate, hajaiba.

Bodaboda akashangilia. "Si niliwaambia!"

Ngoja kwanza. Taa ya gari si mkate. Mwas haibi ili ale usiku huo. Anaiba ili auze, na baada ya muda genge linapanda kutoka spea hadi magari yenyewe, na wenye magari wanatishwa kwa silaha. Nia njema haikigeuzi kitendo kibaya kuwa chema (KKK 1753). Ila namba 1735 nayo ipo, na mimi naipenda kwa sababu inamwangalia mtu alivyo: hofu, shinikizo na mazoea vinaweza kupunguza lawama ya mtendaji, hata kama tendo lenyewe limebaki baya. Kwa hiyo unaweza kusema "huu ni wizi" na bado usijue Mungu anamhesabia Mwas kiasi gani. Kuna mmoja alisema jibu hilo ni la kukwepa. Kiukweli, hata mimi zamani nilidhani hivyo.

Mambo ya Amina ndiyo yaliyogawanya chumba. Wavulana waliona mapenzi yale ndiyo yanayomwokoa Mwas, kwamba angalau kuna mtu anamfanya awe mpole. Wasichana walikuwa wakali. "Mnasema Mwas kapata Amina. Amina yeye kapata nini?" Mwingine akauliza mbona anampenda mwanamke wa rafiki yake, rafiki aliyempa pa kulala, na sisi wote tunamwombea afanikiwe.

Niliwapa wazo moja la Karol Wojtyła, ambaye baadaye tulimjua kama Yohane Paulo II. Mwaka 1960, akiwa askofu msaidizi kule Kraków, alitoa kitabu chake juu ya upendo na uwajibikaji. Hoja yake kubwa ni kwamba kinyume cha kumpenda mtu ni kumtumia, na mtu hapaswi kamwe kuwa chombo cha mwenzake. Ukimpima Mwas kwa kipimo hicho, picha inachanganya. Kwa upande mmoja, anaongea na Amina na kumsikiliza kwa namna ambayo wateja hawafanyi. Kwa upande mwingine, hata filamu yenyewe inamtumia Amina kidogo: tunajua ndoto ya Mwas tangu dakika za mwanzo, ya Amina tunaipata kwa kuibia. Hapo nakubaliana na wasichana. Na niliona wavulana wawili watatu wakitazama chini, kwa sababu watu wa mpakani tunajua magari ya mizigo yanalala wapi Tunduma na nani anabisha hodi kwenye milango yake usiku.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikulipanga.

Mtakatifu Augustino alipokuwa kijana Karthago alipenda sana maonyesho ya jukwaani. Katika Maungamo, kitabu cha tatu, anajishangaa: kwa nini alifurahia kulia kwa ajili ya mateso ya kuigiza? Huruma gani hiyo, anauliza, ambapo mtazamaji haitwi kumsaidia anayeteseka, anaitwa kuhuzunika tu, na tena anasifia igizo kadiri linavyomhuzunisha? Nilikuwa nimeandaa kulifundisha hilo. Nikaanza kulisoma, nikakwama.

Mwaka jana nilikuwa Tunduma karibu na stendi. Kijana mmoja alikamatwa na simu ya mtu. Mnajua kinachofuata, wale ambao magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali. Nilisimama hatua kama ishirini hivi. Nilikuwa na begi langu, nina rozari mfukoni, na nilijiambia nitapotea bure nikiingia. Gari langu likaita abiria, nikapanda. Sikujua yule kijana aliishia wapi, na sikuuliza.

Nikawaambia wote pale chumbani. Mwas akipigwa mahabusu nilikuwa nimekunja ngumi kwa uchungu, na wenzangu waliniona. Mwas ni mwizi wa shuka jeupe. Yule wa stendi alikuwa na damu.

Tukafungua Luka 10:25-37. Sote tunaijua habari ya Msamaria, ila nilitaka tuisome kwa jicho hili: aliyelala njiani alikuwa ameangukia mikononi mwa wanyang'anyi, kwa hiyo ni rahisi kumhurumia. Je, angekuwa yeye ndiye mnyang'anyi? Halafu tukaenda Luka 23:39-43, ambapo yule anayeahidiwa paradiso ni mhalifu anayekiri kwa mdomo wake kwamba anastahili adhabu yake. Ukikutana na vijana wenzako wiki hii, someni sehemu hizo mbili mfululizo, kisha kila mmoja aseme ni mwizi gani wa kwenye filamu aliwahi kumwombea asikamatwe, na ni mwizi gani wa kweli aliwahi kumwona akipigwa. Msikimbilie majibu.

Sisi hatukuyapata. Bodaboda alisema Frateri ningeingia pale ningeuawa na mimi, na wengi walimuunga mkono, na huenda ni kweli. Dada wa Tunduma akasema si lazima uingie katikati, ungeweza hata kukimbilia polisi, ungeweza kupiga kelele. Nalo ni kweli.

Katekista alikuwa amekaa mlangoni na koti lake muda wote. Akaniuliza, "Mwanangu, huyo mtoto wa stendi, anaitwa nani?"

Nikasema, "Sijui, mzee."

"Oti unamjua jina," akasema, akainuka kutafuta tochi yake.