SOMO LETU: Breki za Gari la Zamani Zipimwe Vipi?

Gari lenye injini mbovu halitoki nyumbani. Lakini lenye breki mbovu hutoka, na huko liendako ndiko linakoua. Leo tujifunze jinsi breki zinavyopimwa.

Mfano wetu unatoka Uingereza. Huko wapo watu wanaotunza magari ya miaka ya 1920 na kuyaendesha. Wenyewe hubishana: kipimo kipi cha breki ni cha kweli?

Kwanza tuelewe hesabu yake. Nguvu ya breki hulinganishwa na uzito wa gari. Tuseme gari lina kilo 800. Breki zikilizuia kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 400, tunasema breki hizo ni asilimia 50. Gari hilo likienda kilomita 40 kwa saa kwenye barabara tambarare, litasimama mita 13 hivi tangu breki ziliposhika. Breki zikiwa asilimia 25, litahitaji mita 25. Je, mtoto akiwa umbali wa mita 20? Hapo ndipo ubishi huu unapogusa roho za watu.

Upande wa kwanza husema: pima gereji, kwenye mashine ya rola. Magurudumu huwekwa juu ya rola zinazozunguka polepole, fundi hukanyaga breki, na mashine huonyesha nguvu ya kila gurudumu. Faida yake ni kubwa. Kama gurudumu la kushoto linashika kuliko la kulia, fundi ataliona palepale.

Upande wa pili husema: hapana, pima barabarani. Wao hutumia kifaa kidogo kiitwacho Tapley. Ndani yake mna timazi. Gari likifunga breki, timazi hubembea na kifaa huonyesha asilimia. Lakini hakikuambii ni gurudumu gani lenye kasoro. Tena barabara ikiwa na mteremko, kipimo hupotoka.

Sasa tuangalie gari la Ford Model T, lililoundwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927. Breki yake ya mguu haikufungwa kwenye magurudumu. Hushika ndani ya giaboksi, na nguvu yake hufika magurudumu ya nyuma tu. Rola zimetengenezwa kwa ajili ya breki za kila gurudumu, kwa hiyo hazilifai gari la namna hiyo.

Kuna jambo jingine. Dereva wa basi akifunga breki ghafla, abiria hurushwa mbele, siyo? Uzito wa gari nao huelemea mbele. Nyuma huwa kwepesi, na magurudumu ya nyuma huteleza upesi. Juu ya rola gari limesimama, kwa hiyo jambo hilo halionekani. Rola zinaweza kuisifu breki ya nyuma kuliko inavyostahili.

Basi, nani mkweli? Kila kipimo hujibu swali lake. Rola hujibu: gurudumu gani lina kasoro? Tapley hujibu: gari zima linasimamaje? Ni kama mahindi: debe hupima ujazo, mizani hupima uzito. Anayetaja namba bila kutaja alivyopima hajasema kitu.

Tangu mwaka 2018, magari mengi ya Uingereza yenye umri unaozidi miaka 40 hayalazimiki tena kupimwa kila mwaka. Lakini sheria bado humtaka mwenye gari alitunze liwe salama. Kwa hiyo apime kwa njia ileile kila mara, aandike tarehe na namba. Namba ikishuka, asibishane na mtu. Aende kwa fundi.

MASWALI
1. Gari la kilo 600 linazuiwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 300. Breki zake ni asilimia ngapi?
2. Kwa nini magurudumu ya nyuma huteleza upesi?
3. Taja faida moja ya rola na moja ya kupima barabarani.