Dawa ya usingizi ya miti shamba: jeni zako zi salama?

Msomaji, ukifika sokoni Chwele, eneo la Kabuchai, Bungoma, siku ya soko, au ukipita karibu na steji mjini Kitale, hukosi kumwona mtu aliyetandika gunia na kupanga juu yake mizizi, magome na unga wa rangi ya udongo. Mwambie hupati usingizi, atakupimia kijiko. Ukiuliza kama ni salama, jibu ni lile lile: mababu walikunywa na hawakufa.

Jibu hilo si la kudharauliwa. Babu aliweza kuona kama dawa inatapisha, inaharisha au inaua. Asichoweza kuona ni dawa inayojeruhi jeni, yaani yale maagizo ya urithi yaliyo ndani ya kila chembe hai ya mwili. Jeraha la namna hiyo haliumi. Saratani inaweza kuja miaka 20 baadaye, na hapo nani atakumbuka kijiko cha unga?

Ubelgiji walijifunza hayo kwa uchungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliotumia vidonge vya miti shamba vya kupunguza unene mjini Brussels walianza kuharibikiwa na figo. Waathiriwa walipita 100, na baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Mmea mmoja ulikuwa umechukua nafasi ya mwingine kimakosa: Aristolochia, ambao watu wameutumia kama dawa kwa karne nyingi. Asidi yake hujishikiza kwenye jeni na kuzipotosha.

Basi wataalamu hupimaje? Huanza na bakteria, kwa njia aliyoibuni Mmarekani Bruce Ames katika miaka ya 1970. Hutumia bakteria wenye kasoro ya jeni, wasioweza kukua bila kupewa kirutubisho fulani. Wakitiwa dawa kisha wengi wakaanza kukua bila kirutubisho hicho, basi dawa imebadilisha jeni zao. Mchanganyiko wa maini ya panya huongezwa pia, kwa sababu kuna dawa ambazo hugeuka sumu baada ya kupita kwenye ini.

Kisha huja zamu ya panya wenyewe. Kundi moja hupewa maji tu. La pili hupewa kitu kinachojulikana kuwa huvunja kromosomu, kama saiklofosfamidi, dawa ya saratani. Bila kundi hili huwezi kujua kama kipimo chenyewe kinafanya kazi. Makundi mengine hupewa dawa ya mti kwa viwango vitatu, na kama haina sumu kali huweza kufikishwa miligramu 2,000 kwa kila kilo ya uzito. Baada ya siku moja au mbili panya huuawa na uboho wa mfupa wa paja kutolewa.

Kwa nini uboho? Chembe nyekundu ya damu inapokomaa hutupa nje kiini chake. Kama kromosomu ilivunjika, kipande hubaki nyuma, nacho huonekana kwa hadubini kama nukta. Mtaalamu huhesabu chembe changa zisizopungua 4,000 kwa kila panya. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini nukta hizo zikizidi zile za panya wa maji, dawa ina kesi ya kujibu.

Hata hivyo, kufaulu hapo si mwisho. Chukua mti ambao Wakikuyu huuita mwerere na Wachaga msesewe. Gome lake hutumiwa sehemu kadha za Afrika kutuliza akili na kuleta usingizi. Ni wa jamii ya Rauvolfia, na kutoka kwa ndugu yake wa India wanasayansi wa Basel, Uswisi, walipata reserpini mwaka 1952. Dawa hiyo haikubadilisha jeni za bakteria. Lakini panya walioilishwa kwa miaka miwili walipata uvimbe wa saratani, majike kwenye matiti. Inadhaniwa hupitia kwenye homoni, wala si kwenye jeni. Aliyepima jeni pekee angesema ni salama.

Kwa hivyo ukiambiwa dawa “imepimwa maabara”, uliza imepimwa nini. Uliza pia kama imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Ikiwa wewe ni mjamzito au unanyonyesha, iache. Na ikiwa unameza dawa za presha, usiongeze magome ya jamii ya mwerere bila kumwambia daktari, kwa sababu reserpini nayo hushusha presha, na zote mbili pamoja zaweza kukuangusha. Hatari hiyo haingoji miaka 20. Kukosa usingizi kwa zaidi ya mwezi nako kuna chanzo, na chanzo hicho hutafutwa kliniki: huenda ni maumivu, wasiwasi, pombe, au hiyo chai ya saa nne usiku.