Kabla ya Kusema "Chuki", Tazama Sanamu Imevunjikia Wapi

Wanachuo wenzangu, naanza kwa kukiri kosa. Wakati wa kampeni za serikali ya wanafunzi nilimpigia debe mgombea wetu wa kike kwa kisa cha Hatshepsut, farao mwanamke aliyeanza kutawala Misri kama mwaka 1479 KK. Nikasema alipokufa, Thutmose III, mtoto wake wa kambo, alizivunja sanamu zake kwa chuki. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Muhula uliofuata mwalimu akatuonyesha picha ya sanamu yake ya jiwe la chokaa, ameketi, kavaa kitambaa cha kifalme kichwani. Leo iko Metropolitan Museum of Art, New York, imeungwaungwa kutokana na vipande vilivyochimbuliwa Deir el-Bahri, karibu na hekalu lake. Akauliza, "Kwa nini ilivunjwa?" Nikajibu chapchap, "Chuki!" Akasema, "Hilo ni jibu la kampeni. Tazama imevunjikia wapi."

Hapo ndipo somo lilipoanza. Mwaka 2025 mtafiti Jun Yi Wong alichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za uchimbaji uliofanyika huko miaka ya 1920. Aliona kwamba sanamu nyingi zilivunjwa shingoni, kiunoni na magotini, na baadhi zikabaki na uso karibu mzima. Mtu mwenye hasira si angeanza na uso? Wamisri waliamini sanamu ina nguvu ndani yake. Kuivunja sehemu hizo kulikuwa ni kuizima, na sanamu za mafarao wengine nazo zilifanyiwa hivyo. Vipande vingine baadaye viligeuzwa mawe ya kujengea tu.

Lakini tusikimbilie upande wa pili. Ukutani, majina na picha za Hatshepsut zilifutwa kwa tindo. Huko alifutwa kweli. Ila kazi hiyo ilianza kama miaka 20 baada ya kifo chake. Hasira gani hiyo ya kusubiri miaka 20? Inaelekea zaidi ilikuwa siasa ya nani arithi kiti.

Kwa hiyo, mwenzangu, ukipewa kipande cha ushahidi, anza na alama zilizopo juu yake, halafu ndiyo utafute kisa.

Nilimwendea kiongozi wetu (ndiyo, alishinda) nikamwambia hotuba yangu ilikuwa na kosa. Akacheka: "Uliisema mbele za watu, basi isahihishe mbele za watu." Ndiyo nimeandika.