Nutrofili zikiwa chini: ugonjwa wa Kostmann, na hali ambayo si ugonjwa

Wengi wenu mmewahi kupewa majibu ya damu, mkaambiwa nutrofili ziko chini, mkarudi nyumbani na hofu. Leo nataka kueleza ugonjwa mmoja wa nadra unaoanzia hapo, na kwa nini wengi wetu hatuna ugonjwa huo.

Nutrofili ni aina ya chembechembe nyeupe za damu. Ndizo zinazowahi kufika bakteria wanapoingia mwilini. Usaha wa jipu kwa sehemu kubwa ni nutrofili zilizofia kazini. Hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, na kwa kuwa huishi muda mfupi tu, uboho hauna likizo.

Mwaka 1956 daktari wa Sweden, Rolf Kostmann, aliandika juu ya familia za kaskazini mwa nchi yake zilizokuwa zikipoteza watoto wachanga kwa maambukizi. Uboho wa watoto hao haukuwa mtupu. Chembechembe changa zilikuwamo, ila zilikwama njiani bila kukomaa. Mwaka 2007 ilijulikana kwamba jeni iliyoharibika katika familia hizo ni HAX1. Hapo mtoto huugua akirithi jeni mbovu kutoka kwa baba na kwa mama pia, nao wenyewe ni wazima. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Ndiyo maana ndoa za watoto wa ami na mjomba huongeza uwezekano. (Simlaumu mtu, nasema tu jinsi damu inavyokwenda.) Aina nyingine, inayotokana na jeni ya ELANE, huhitaji mzazi mmoja tu, au huanza kwa mtoto mwenyewe.

Dalili huonekana mapema: kitovu kinachooza, majipu yanayorudi, vidonda vya mdomoni, fizi kuvimba, nimonia. Mama mmoja niliyemhudumia alikuwa ameambiwa mara tatu kwamba mwanawe anaota meno. Kipimo cha damu kilionyesha nutrofili chini ya 200. Chini ya 500 tunaiita kali.

Siku hizi kuna sindano ya G-CSF, inayosukuma uboho ukomaze nutrofili. Huchomwa chini ya ngozi, mara nyingi kila siku, na watoto walio wengi huitikia vizuri. Iweke kwenye friji, usiigandishe. Ugonjwa huu unaweza kugeuka saratani ya damu baadaye, kwa hiyo uboho huchunguzwa mara kwa mara. Tiba ya kuuondoa kabisa ni kupandikizwa uboho. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu, lakini lazima apimwe kwanza asiwe naye ana ugonjwa. Mtoto huyu akipata homa ya 38 au zaidi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Usimpe dawa ya homa ukasubiri asubuhi.

Sasa, sisi wengine. Waafrika wengi, na Waarabu wengi pia, damu yao haina alama iitwayo Duffy kwenye chembechembe nyekundu. Watu hao huwa na nutrofili chache kwenye kipimo, wakati mwingine kati ya 1000 na 1500, na hawaugui zaidi ya wengine. Si ugonjwa. Lakini nimeona watu wakitobolewa mfupa kuchukuliwa uboho, au wakipunguziwa dawa ya saratani, kwa sababu hiyo tu. Una haki ya kuomba kipimo cha Duffy kabla ya hayo.

Na kinyume chake: kama mtoto wako ana majipu yasiyokwisha na daktari akakwambia "watu wa kwenu ndivyo mlivyo", usikubali. Uliza idadi kamili ya nutrofili, iandike na tarehe yake, na uombe kipimo kirudiwe.