Utando Juu ya Maji ya Akwaria

Katika akwaria yenye mimea, mara nyingi huonekana utando mwembamba uliotanda juu ya maji. Pengine hung'aa kama mafuta ya taa. Pengine hufanana na vumbi jeupe. Utando huo huweza kuhatarisha uhai wa samaki, na kwa hiyo wastahili kuchunguzwa.

Chanzo chake

Mabaki ya chakula, kinyesi na majani yanayooza hutoa mafuta na protini. Molekuli nyingi za vitu hivyo zina upande mmoja unaovutwa na maji na upande mwingine unaoyakwepa; hivyo hukusanyika pale maji yanapokutana na hewa. Bakteria hupata chakula hapo, huongezeka, na kuuimarisha utando.

Madhara yake

Maji ya nyuzi 25 za Sentigredi, hata yakiwa yameshiba hewa, huwa na miligramu 8 hivi tu za oksijeni katika kila lita. Mchana mimea huongeza oksijeni hiyo kwa usanisinuru. Usiku kazi hiyo hukoma, lakini mimea, samaki na bakteria huendelea kupumua. Hapo tegemeo ni oksijeni iingiayo kutoka hewani, na utando hutuliza viwimbi na kupunguza uingiaji huo. Ndiyo maana samaki walioonekana wazima jioni huweza kukutwa alfajiri wakitweta juu ya maji, au wamekufa.

Jaribio

Utando uguswe kwa kijiti. Ukikatika vipande visivyoungana upesi, yaelekea umejengwa na bakteria. Ukijifunga tena mara moja, yaelekea ni mafuta.

Namna ya kuuondoa

Karatasi safi isiyo na wino ilazwe juu ya maji, kisha ivutwe taratibu hadi ukingoni na kutolewa pamoja na utando. Hata hivyo, utando hurudi iwapo chanzo hakikuondolewa. Chakula kisizidi kile kinacholiwa katika dakika chache, majani yaliyooza yatolewe, na sehemu ya maji ibadilishwe kila juma. Pampu ndogo inayotikisa uso wa maji huuvunja utando na kuingiza oksijeni. Mtikisiko uwe wa wastani, kwani ukizidi hufukuza kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka majini, ambayo mimea huihitaji mchana.

Maswali

1. Kwa nini samaki hutweta alfajiri zaidi kuliko saa nane mchana?
2. Kwa nini utando wa namna hii ni nadra katika mto uendao kasi?